Miguu ya Kapiteni

"Inama kidogo, Miguu, kuna waya wa taa," Staf, mwongozaji wake, alisema kutoka nje ya sketi ya Kapiteni, sanamu la jitu la kubebwa mabegani. Firmin akainama, na huko juu, usawa wa madirisha ya ghorofa, Kapiteni naye akainama. Watu wakashangilia. Walidhani Kapiteni anawasalimu.

Ndani ya Kapiteni mlikuwa na joto, harufu ya nta na jasho la waliotangulia: baba yake Firmin, na babu yake. Kiunzi cha henzerani kilimkaa mabegani kwa mikanda miwili ya ngozi, na ngozi hiyo ilikuwa imeshika umbo la mabega ya ukoo mzima. Siku nyingine Firmin alibeba makabati na friji za watu wanaohama nyumba. Siku ya maandamano ya historia ya mji wa Oudemeers alibeba Kapiteni, na siku hiyo hakuwa na jina. Kila mbebaji wa jitu aliitwa Miguu. Miguu hasemi, wala haonekani. Wabebaji hubadilishana nyuma ya ukuta wa kanisa, lango likiwa limefungwa. Hakuna mtu mjini aliyewahi kumwona mmoja wao akichomoza chini ya sketi hadharani.

Aliiona dunia kwa tundu moja tu, chini ya mkanda wa upanga.

"Warumi wanatuletea barabara!" kipaza sauti kililia. Alikuwa Mwalimu Godfried, mstaafu, msimulizi wa kila mwaka. Warumi wakapita na ngao za maboksi. "Wafumaji wanadai haki yao! Taifa linapata uhuru! Kila hatua, mabibi na mabwana, nuru inazidi!" Nyuma kabisa, ndani ya gari la kijeshi, walikuja askari wakombozi wa vita kuu, wakirusha peremende. Kati ya uhuru na wakombozi alitembea Kapiteni, mwana wa mji aliyekwenda Kongo enzi za ukoloni. Kutoka Roma mpaka peremende, kitu pekee kilichopigwa katika maandamano yale kilikuwa ngoma.

Mwaka huu Firmin alikuwa na sababu ya pekee ya kutembea vizuri. Mama Hortense, mwenyekiti wa kamati, alikuwa amemwambia: "Mjukuu wako tutampa kandili." Firmin alifurahi hadi akainunulia baa nzima bia. Elke, mtoto wa binti yake Liesbet, mbele ya mji wote! Jumapili akawatangazia mezani. Liesbet alipiga makofi. Mumewe Dieudonné, fundi wa lifti, mzaliwa wa Kananga, Kongo, aliendelea kukata kiazi chake.

"Baba, unajua Kapiteni wenu kule kwetu anatumika kwa kazi gani?"

"Kazi gani?"

"Kunyamazisha watoto. Tukilia, bibi analitaja tu lile jina tulilompa. Nyumba nzima kimya."

Firmin alicheka. Alicheka peke yake, na bado hakuelewa.

Sasa, kwenye ukingo wa uwanja, Elke akaonekana kupitia lile tundu.

Wenzake walivaa mahameli. Yeye walikuwa wamemvika gunia na sketi ya nyasi, miguu mitupu juu ya mawe, kandili ya betri imezimwa mkononi. Karibu kabisa na sketi, sauti ya Mama Hortense ilikuwa imejaa furaha.

"Miaka yote tunampaka mtoto masizi, mashuka yanachafuka. Mwaka huu tumepata wa kweli!"

Staf, ambaye hucheka hata msibani, hakucheka. "Mama Hortense, huyo ni mjukuu wa Miguu."

"Kwani sijui? Ndiyo maana nikampa. Ni heshima."

Damu ilimpanda Firmin mpaka mikanda ikaanza kumbana. Miguu iliendelea kutembea, maana ilikuwa imezoea. Hilo ndilo lililomuudhi kuliko yote.

"Na sasa," Godfried alisema, "Kapiteni anawasha nuru pale palipokuwa na giza!"

Beni ya matarumbeta ikanyamaza. Elke akasogea hadi kwenye tundu.

"Babu? Umo humo?"

"Nimo."

"Wamesema nipige magoti, nishike buti lako. Mpaka wapige makofi ndiyo niwashe."

"Mimi sina buti, mama. Hilo ni lake. Unataka kupiga magoti?"

"Sitaki." Sauti ilikatika. "Baba yuko pale kwenye kibanda cha chipsi. Ananiangalia."

Firmin akachutama, kiunzi kikakaa kwenye vigingi vyake vya mbao. Akafungua mkanda wa kushoto, halafu wa kulia. Kisha akainua pindo la sketi, akatoka kwa magoti na viganja, mwekundu, amelowa, fulana imemganda mgongoni, mbele ya mji mzima.

Mtu alipiga kelele kana kwamba ameona maiti.

"Firmin!" Mama Hortense alimjia mbio. "Una wazimu? Rudi ndani!"

"Kama ni mkubwa kiasi hicho," Firmin alisema, "mwambie atembee mwenyewe."

"Baba yako angekuona leo..."

"Baba yangu alikuwa humo ndani maisha yake yote. Hakuona kitu!"

Akafungua koti alilokuwa amelifunga kiunoni, akamfunika Elke, akamkalisha mabegani, pale mikanda ilipokuwa. Dieudonné alikuwa amekwisha kupita katikati ya Warumi, bahasha ya chipsi bado mkononi, imepoa.

"Lile jina mlilompa Kapiteni," Firmin alimwambia. "Ni nani?"

"Unaliulizia hapa?"

"Hapa hapa."

Dieudonné akalitaja, bila kupaza sauti. Firmin akajaribu kulifuata, ulimi ukakwama.

"Hapana. Rudia."

Wakaupanda mtaa wa waoka mikate hivyo, mmoja akitaja, mwingine akirudia. Nyuma yao Mama Hortense alikuwa akimfokea Staf aingie chini ya sketi. Staf aliitazama mikanda, akajishika kiuno, akasema mgongo unamuuma. Kapiteni alisimama katikati ya njia, mikono inaning'inia, na nyuma yake wakombozi hawakuweza kupita. Gari lao lilipiga honi.

"Babu," Elke alisema kutoka juu, "kandili nimeiacha pale chini. Nimeiwasha."

"Iache."

Honi ikalia tena, ndefu. Firmin akalitaja jina mara nyingine.

"Karibu ulipate," Dieudonné alisema. "Rudia."