Samaki Malaika wa Domisiana

Kufuga samaki asiyeliwa ni wazimu, na nilimwambia hivyo wifi yangu Domisiana usoni, yeye akacheka tu. Hakuwa anafuga sato, jamani. Alikuwa na wale bapa wenye mapezi marefu wanaoitwa malaika, wawili, dume na jike, aliowapakata kwenye basi kutoka Mwanza wakiwa ndani ya mfuko wa maji. Kaka yangu Anatory, mumewe, aliwaita wapangaji wasiolipa umeme.

Domisiana alitaka kitu kimoja: watage, vitoto vikue. Kutaga walitaga, tena mara nyingi, ila waliyala mayai yao wenyewe. Mlango ukigongwa wakashtuka, wameshakula. Mgeni akichungulia kwenye tangi, wameshakula. Wifi yangu alikuwa analia kabisa, na machozi, nasi tunamcheka.

Wiki aliyopelekwa hospitali kwa malaria, samaki walikuwa wametaga tena, juu ya jani. Pale kitandani, pumzi zikimkatika, alimwambia kaka: "Kile chumba chenye tangi kifunge, Anatory. Mtu asiingie. Safari hii vitoto vitatoka." Hakuamka tena.

Tukamzika. Watu wamejaa uani, na kaka yangu anatembea na ufunguo mfukoni, anaingia chumbani peke yake, anatoka na kufunga tena. Siku moja akanivuta mkono. "Francisca, njoo. Taratibu." Nikaona vitu vyembamba kama nyuzi vinatikisika juu ya jani, na wazazi wao wanavipepea kwa mapezi. Niliona aibu, kwa kweli, kwa yote niliyomtania marehemu.

"Vimetoka," kaka akasema. "Alisema vitatoka." Akalia pale pale, mara ya kwanza tangu msiba uanze. Akaniambia akivikuza hivyo, atajua kuna kitu cha mke wake kilichobaki duniani.

Ikafika siku ya kuanua matanga. Sisi siku hiyo nyumba yote husafishwa, nguo za marehemu hutolewa zikafuliwa, na maji yaliyolala ndani humwagwa. Mwenye haki ya kugusa vitu vya Domisiana alikuwa mama yake mzazi, mama Rozina wa Mbuba, na nguo zilikuwa kwenye kile kile chumba. Kaka akampa ufunguo kwa mikono miwili, macho chini. Mkwe humpangii la kufanya.

"Mama, humo mna samaki wa Domisiana," alijitahidi kusema.

"Nitawatunza, baba. Nendeni kanisani."

Yeye miguu ilimuuma, akabaki. Sisi tukaenda misa.

Tuliporudi, tangi lilikuwa limeanikwa juani, tupu, safi. Wale wakubwa wawili walikuwa wanazunguka kwenye ndoo. Udongo chini ya migomba ulikuwa umelowa.

"Mama, yale maji yako wapi?" niliuliza, na sauti ilikuwa imeshanipanda.

"Nimeyamwaga. Na ninyi, mbona mnaishi hivi?" Mikono yake ilikuwa bado na povu la sabuni. "Humo ndani kulikuwa na viluwiluwi vya mbu, tele! Mwanangu anakufa kwa malaria, kumbe vilivyomuua vinafugwa chumbani kwake! Nimevimwaga vyote. Nikavimwagia na maji ya moto, visibaki hata kimoja." Akaangua kilio. "Angalau hilo nimemfanyia mwanangu."

Mungu wangu. Nilitaka kusema, na neno lilikuwa tayari ulimini. Kaka akanikata jicho. Kisha akapiga magoti mbele ya mama mkwe wake.

"Umefanya vizuri, mama," akasema. "Asante."

Mama Rozina akafuta machozi kwa kitenge, akamwekea mkono begani. "Sasa utalala salama, baba."