Geji ya Gari la Viti Viwili

Gari lenyewe lilikuwa na viti viwili tu, na balaa lote lilianzia hapo.

Liliingia uani Jumatatu asubuhi, gari la spoti la zamani, jekundu, limelala chini kiasi kwamba kuku angepita uvunguni kwa kuinamisha kichwa. Mwenyewe alikuwa daktari wa meno, mwanamume mtanashati wa miaka thelathini na kitu, ambaye hakuwa na pete kidoleni. Cheche aliliona hilo la pete kabla hajaliona gari.

Cheche lilikuwa jina alilobandikwa na watu wa gereji kwa kazi yake ya kuchomelea vyuma. Uani pale alifanya kazi na mkewe, fundi umeme wa magari, mwaka wa kumi na moja sasa: yeye na mitungi yake ya gesi kule ukutani, mkewe na meza yake ya nyaya karibu na geti. Mteja akiingia humwita mkewe "fundi". Yeye huitwa "yule wa kuchomelea". Neno hilo lilikuwa limemkaa rohoni siku nyingi, ila hakuwahi kulisema.

Daktari alieleza shida yake akimtazama mwanamke moja kwa moja. Gari linakunywa mafuta kama halina adabu, na ukilikanyaga linasitasita. Amenunua geji ya kupima mchanganyiko wa hewa na mafuta, anataka ifungwe, na watu watatu tofauti wamemwambia kazi hiyo asimpe mtu mwingine isipokuwa yeye.

Mkewe alilifungua lile boksi taratibu, kama mtu aliyeletewa zawadi. Akamwonyesha daktari sensa, kitu cha ukubwa wa kidole gumba chenye waya mrefu. Hii, alisema, inakaa ndani ya bomba la moshi na kuuonja moshi. Namba ikipanda kwenye geji, hewa imezidi; ikishuka, mafuta yamezidi. Daktari akasema basi ni kama yeye anavyonusa pumzi ya mgonjwa kabla hajamwangalia jino. Mkewe akacheka, kicheko kile cha kutupa kichwa nyuma. Cheche, aliyekuwa akisugua kutu hatua chache kutoka pale, alijaribu kukumbuka ni lini mara ya mwisho yeye alimchekesha hivyo, akakosa.

Jumanne waliianza kazi. Cheche aliteremsha bomba la moshi, akatoboa tundu upande wa juu mahali mkewe alipopiga chaki, akaweka nati nene ambayo sensa ingekazwa ndani yake. Iliyobaki ilikuwa kuichomelea nati hiyo ishikane na bomba pande zote. Kazi ya dakika kumi, ambayo angeweza kuifanya huku akifikiria mambo mengine.

Na mambo mengine yalikuwepo. Mkewe alikuwa amelala chali chini ya dashibodi akipitisha nyaya kutoka upande wa injini, na daktari, ambaye siku hiyo hakuwa na zamu kliniki, alikuwa amepiga magoti akimmulikia tochi. Vichwa viwili ndani, miguu minne nje. Fundi rangi, jirani yao wa uani, mtu ambaye mdomo wake haukujua kupumzika, alipita na kopo lake akasema bila kusimama, "Cheche, shemeji yangu leo kapata msaidizi msomi."

Cheche akashusha kinyago cha kuchomelea usoni. Alizungusha moto nati ile karibu yote. Upande wa nyuma, ambako jicho la mtu halifiki bomba likishafungwa, paliachwa kitundu kama ncha ya sindano. Alikiona. Akainua kinyago, akakitazama tena, kisha akapitisha brashi ya waya juu yake na kulipeleka bomba likafungwe. Hakuwa na mpango wowote kichwani. Alitaka tu kitu kiharibike, daktari aone gereji yenyewe ndiyo hii, achukue gari lake aende zake.

Alasiri geji iliwaka. Ilikuwa imepachikwa kwenye nguzo ya pembeni ya kioo cha mbele, duara dogo lenye mwanga wa buluu, nyaya hazionekani hata moja. Daktari akapiga makofi. Namba ikapanda mpaka kumi na saba na kukaa hapo.

Mkewe akakunja uso. Hewa imezidi mno, alisema, ajabu. Itabidi abadilishe jeti za kabureta, vile vipande vyenye tundu la kupitishia mafuta, aweke kubwa zaidi, kisha wakapime barabarani, maana gari likiwa limesimama halisemi yote. Daktari ataendesha, yeye atasoma namba na kuandika.

"Na mimi nitakuja," Cheche alisema.

Mkewe aliligeukia gari, akamgeukia yeye. "Utakaa wapi?"

Hakusema kwa ubaya. Lilikuwa swali la kawaida kabisa, na ndiyo maana lilimchoma.

Jumatano walitoka mara mbili. Alhamisi mara tatu. Kila mara walirudi namba ikiwa palepale au imeshuka kidogo tu, mkewe anabadilisha tena jeti, wanatoka tena. Cheche alikuwa akijua sauti ya gari lile tangu likiwa kona ya mbali, na mikono yake ikawa haifanyi kitu mpaka aisikie. Aliona nywele za mkewe zilivyopeperushwa na upepo. Aliona miwani ya jua ya daktari imesahauliwa kwenye meza ya nyaya, imekunjwa vizuri, mtu ameiweka juu ya kitambaa isikwaruzike. Nyumbani mkewe aligusagusa chakula tu, macho yako mbali. Alipoingia kuoga, Cheche alifungua daftari la mkewe la vipimo akapekua kurasa zote. Namba tupu, safu kwa safu. Ukurasa wa mwisho: "Daktari, Ijumaa saa nne." Aliisoma sentensi hiyo mara nyingi kuliko ilivyostahili.

Hakuna aliyemwambia kwamba hewa iliyokuwa ikiidanganya sensa ilipitia kwenye kitundu chake, na kwamba aliyekuwa akimpandisha mkewe kwenye kiti kile, safari baada ya safari, ni yeye mwenyewe. Aliligundua siku ya Ijumaa, sekunde chache kabla ya mkewe.

Mkewe alikuwa amefungua plugi zote nne na kuzipanga juu ya gazeti. Zilikuwa nyeusi tii, zimejaa masizi. Akachuchumaa mbele ya plugi hizo kwa muda mrefu.

"Geji inasema hewa imezidi," alisema, kama anajisemea. "Plugi zinasema mafuta yamezidi. Mmoja wao muongo."

Akarudisha plugi, akawasha injini, akachanganya sabuni na maji kwenye bakuli na kuingia uvunguni na brashi kutafuta panapovuja. Cheche alisimama na spana mkononi, jasho likimtoka bila kazi. Mkewe alipotoka, hakupaza sauti. Alizima injini, akamwita kwa kidole. Fundi rangi alikohoa akaenda kutafuta kitu nje ya geti.

"Povu linatoka nyuma ya nati. Hii ni kazi ya mkono wako?"

"Ni yangu."

"Miaka yote hii sijawahi kuona umeacha tundu."

Angeweza kusingizia gesi. Ulimi ulikuwa tayari. "Nililiona," akasema. "Nikaliacha."

"Kwa nini?"

"Ulivyokuwa unacheka naye."

Mkewe alifuta mikono, kidole kimoja kimoja. "Siku tatu nalisha injini ya mtu mafuta isiyoyahitaji. Siku tatu nadhani kichwa changu kimeanza kuisha, kwamba kazi imenishinda. Chakula hakipiti. Na wewe umekaa mbele yangu unaniangalia."

Saa nne daktari alifika. Mkewe alimweleza kwamba nati haikuchomelewa vizuri, vipimo vyote vya wiki havina maana, kosa ni la gereji, amwie radhi. Hakumtaja mtu. Bashasha ikamtoka daktari usoni. Akasema kwa upole kwamba alishamsifia sana kwa watu.

Hilo ndilo Cheche alilokuwa akilitaka tangu Jumanne, daktari amtazame mkewe kwa macho mengine. Sasa lilikuwa limekuja, na alipomwona mkewe ameinamisha kichwa alitamani ardhi immeze. Akasogea.

"Daktari, si yeye. Niliacha tundu kwa makusudi. Nilikuonea wivu."

Daktari alimpima kwa macho toka juu hadi chini. Mwishowe akasema, "Basi lichomelee sasa hivi. Nitasimama hapa."

Akasimama kweli, kwa miwani ya giza aliyopewa, mpaka moto ulipozunguka nati yote. Mkewe alirudisha jeti za mwanzo na kubadilisha moja tu. Geji ikawaka: kumi na nne na pointi kadhaa, pale inapotakiwa. Kisha akampa Cheche daftari.

"Kasome wewe. Mimi kiti hicho kimenichosha."

Barabarani daktari alielekea mlimani. Gari lilipanda bila kusitasita hata kidogo, namba ikashuka polepole mpaka kumi na mbili na nusu, kama inavyotakiwa injini ikivuta mzigo, na kutulia, na Cheche akahisi mgongo wake ukikandamizwa kitini. Akaelewa kilichokuwa kikimng'arisha mkewe uso siku ile boksi lilipofunguliwa. Alitaka kumuuliza daktari walikuwa wakiongea nini humu ndani siku zote zile. Badala yake aliandika namba.

"Unasaga meno," daktari alisema, macho barabarani. "Nimekuona tangu Jumatatu. Magego yatakwisha. Uje kliniki."

Waliporudi mkewe alipokea daftari. Maandishi ya Cheche yalikuwa yamepinda kwa mtikisiko. Akauliza mlimani ilikuwa ngapi, akaambiwa, akatabasamu. Lilikuwa tabasamu zuri sana, na lote lilielekezwa kwenye lile daftari, si kwake.

Kwa mwezi mzima baada ya hapo mkewe aliongea naye mambo ya kazi na ya watoto wao tu. Kila kitu alichochomelea Cheche, hata bawaba ya mlango, alikipitisha kwenye maji ya sabuni kabla hakijatoka uani. Cheche hakulalamika. Alimshikia bakuli.