Mapigo Manne Niliyoyakata

Nikianza kwa kujitetea nitakuwa mwongo mara ya pili, kwa hiyo naanza na kosa. Niliukata wimbo mahali usipokatika, kisha aibu yake nikamvisha mzee aliyenifundisha muziki.

Ilikuwa 1973, Bronx. Bendi yetu ilifanya mazoezi Jumamosi mchana kwenye chumba cha chini cha klabu yetu sisi Wapuerto Rico, barabara ya Prospect, penye bomba la mvuke lililotutoa jasho hata Februari, katikati ya baridi. Mwimbaji na mkuu wa bendi alikuwa Nereida Matos, mwanamke asiyecheka na mtu akishashika maikrofoni. Mimi, Radamés, nilipiga piano na kuandika karatasi za kila ala, maana nilikuwa nimemaliza chuo cha muziki juzi tu na nilihakikisha hakuna asiyejua.

Vijiti vya klave vilikuwa mikononi mwa Don Fundador, ndiye mzee wangu huyo. Ukiitazama kijuujuu, ile ni kazi ya kijinga: vijiti viwili vya mti mgumu, mapigo matano, matatu upande huu na mawili upande ule, toka wimbo unaanza hadi unaisha. Lakini sisi wote tunasimama juu ya hayo matano. Wimbo ukiangukia upande usio wake tunasema mtu amevuka klave, na hata bibi anayemenya ndizi jikoni atakunja uso. Mwanamuziki wa kwetu husamehewa ulevi, uchelewaji, hata wake wawili. Kuvuka klave hasamehewi.

Don Fundador alikuwa amepiga miaka thelathini na miwili katika kumbi za dansi, na jina lake halikuwa limeandikwa kwenye jalada la santuri hata moja. Sasa lingeandikwa. Tulikuwa turekodi Jumanne ya wiki ya pili, na mzee alishapeleka suti yake ya kijivu kwa fundi ipunguzwe kiuno kwa ajili ya picha.

Jumamosi hiyo nilileta wimbo mpya. Kwenye utangulizi nilikuwa nimeondoa mapigo manne ya kuhesabia, yaani nusu nzima ya mzunguko wa klave, kwa sababu tu tromboni zilinichosha pale. Tukaanza. Nereida alipoingia kuimba, wimbo ukachechemea, na kila mtu akausikia.

"Simameni!" akasema Nereida. "Nani amevuka?"

"Si mimi," akasema mpiga ngoma za konga. "Mimi hata sijaamka vizuri."

Watu wakacheka. Nereida hakucheka. Nikatupa jicho kwenye karatasi yangu nikaona mara moja: yale mapigo manne yalikuwa yameusukuma wimbo wote upande wa pili. Klave ya mzee ilikuwa palepale inapotakiwa. Niliona, sikuhitaji hata kuhesabu. Lakini Nereida alikuwa ananitazama, yeye aliyejisifu kwa bendi zote za mtaa kwamba msomi wake hakosei.

"Don Funda," nikasema, "nadhani umegeuza."

"Mimi?"

"Ndiyo, mzee. Hebu tuanzie anapoingia Nereida, na wewe utangulize yale mawili."

Akatanguliza mawili. Kwa kuwa nilikuwa nimeshaugeuza wimbo, ukakaa sawasawa. Mzee akavitazama vijiti vyake, halafu akanitazama mimi.

"Kweli," akasema taratibu. "Nisameheni, jamani. Sijui imekuwaje."

Nereida akamshika bega. "Don Funda, studio hawana muda wa kurudiarudia. Jumanne atapiga shemeji yangu. Wewe pumzika."

Akavifunga vijiti katika leso, akamshukuru, akapanda ngazi. Mimi nilirudi nyumbani, nikayarudisha mapigo manne mahali pake, na Jumamosi iliyofuata shemeji yake Nereida akapiga bila shida. Wakasema, mnaona, kumbe ilikuwa ni uzee. Nikatikisa kichwa pamoja nao.

Nilijidanganya kwamba mzee alijua, kwamba amenisitiri kwa mapenzi. Jumapili, siku mbili kabla ya kurekodi, nikakutana na mkewe, Doña Provi, dukani akinunua vitunguu saumu.

"Nibariki, mama."

"Mungu akubariki. Njoo umwone Don wako. Hataki hata redio."

Nilimkuta sebuleni, kichwa amekilaza upande, pamba imejaa masikioni. Doña Provi alikuwa anamtilia mafuta ya moto yenye kitunguu saumu, mara tatu kwa siku.

"Kaa hapa mbele nikuone mdomo," akasema kwa sauti kubwa. "Masikio yamekwisha, mwanangu. Angeniambia mwingine ningembishia. Lakini wewe nimekufundisha mwenyewe. Ukisema nimevuka, nimevuka."

Nilitamani sakafu ipasuke. Nikachomoa pamba kwa mikono yangu, nikamwambia yote: mapigo manne, karatasi, jinsi nilivyojua tangu sekunde ya kwanza. Nikainama nikingoja kofi.

Kofi halikuja. Mzee aliruka kutoka kwenye kiti.

"Provi! Provi we! Masikio mazima! Sikuvuka!"

"Usinipigie kelele, mimi si kiziwi!"

"Na mimi pia siyo!" Alicheka mpaka machozi, mafuta yakimchuruzika shingoni, akanikumbatia mimi, mimi niliyemfanyia hayo. Tayari alikuwa anatafuta viatu. "Nereida yuko nyumbani saa hizi. Twende umweleze. Jumanne bado haijafika! Provi, suti iko wapi?"

Alikuwa amefunga kiatu kimoja nilipofungua mdomo.

"Don Funda... tungoje kidogo. Tumalize kurekodi kwanza. Nikimwambia sasa ataniondoa, na hii ndiyo santuri yangu ya kwanza."

Doña Provi alikuwa amesimama mlangoni na suti mkononi. Ningeweza kusema natania. Ningeweza kusimama tu nikachukua koti. Nilibaki nimekaa.

"Yako ya kwanza," akasema mzee.

Akainama akafungua kamba za kile kiatu, akakisukuma chini ya kiti.

"Irudishe kabatini, Provi. Halafu mletee kahawa huyu kijana, anywe aende."

Niliinywa, nikaenda. Jumanne nilipiga piano vizuri kuliko siku zote za maisha yangu, na jina langu liko kwenye jalada mpaka leo, limeandikwa bila kosa.