Goti la Hakimu Damofilos

Hakimu Damofilos wa Argos alikuwa akihukumu amesimama. Wananchi walimsifu sana. Walisema huyu ndiye hakimu wa kweli, haketi mpaka haki itendeke. Kumbe hakimu alikuwa na bawasiri, na siri hiyo ilijulikana na watu wawili tu: yeye mwenyewe, na mkewe Filinna, ambaye alikuwa akisikia vilio vya alfajiri kutoka uani.

Kwa watu wengine wote, Damofilos alikuwa na goti bovu lisilokubali kukunjwa. Hasa kwa Perilaos, mwenzake wa barazani, mtu aliyejaliwa kipaji cha kuwabandika watu majina. Jina akikubandika unazikwa nalo. Kuna mzee mmoja aliyewahi kujamba barazani enzi za ujana wake. Sasa ana wajukuu, na wajukuu hao wanaitwa ukoo wa Radi.

"Goti linaendeleaje, mheshimiwa?" Perilaos alimwuliza kila walipokutana.

"Linauma, ndugu yangu."

"La kulia au la kushoto?"

Damofilos alikuwa amesahau alitaja lipi jana. "Yote," akajibu, kwa sauti ya mtu anayetoa hukumu.

Hatimaye maumivu yakaishinda hadhi. Akafunga safari ya Epidauro, kwenye hekalu la mungu Asklepio anayeponya watu. Alikwenda kwa miguu, na punda wake akamfuata nyuma mgongo mtupu, akishangaa.

Alipokelewa na Eukratos, tabibu wa hekalu, mtu mpole mwenye kucha safi. Damofilos akapandisha vazi, akaonyesha goti. Eukratos hakulitazama. Akamwuliza anakula nini.

"Jibini. Nyama ya kuchoma. Mkate mweupe."

"Mboga?"

"Mboga ni za mbuzi."

"Unatembea?"

"Hakimu hatembei. Hakimu hufuatwa."

Tabibu akauliza analala saa ngapi, dirisha lake linatazama upepo gani, amegombana na nani, na mara ya mwisho kucheka ilikuwa lini. Damofilos alifikiri sana juu ya hilo la mwisho, akasema itabidi aulize nyumbani.

"Na choo?"

"Kipo, tena kizuri. Lakini tabibu, goti langu linayatakia nini mambo haya?"

"Hapa hatutibu goti, mzee wangu," alisema Eukratos. "Tunatibu mtu. Goti likipenda litafuata."

Akapigwa marufuku jibini. Akapewa uji wa shayiri, dengu na tini. Akatembezwa mlimani kama mbuzi wa kuuzwa, akachovywa katika maji ya moto, akapakwa mafuta, na jioni akapelekwa kutazama wachezaji wa vichekesho, ambako alicheka mara moja, kwa bahati mbaya. Mwishowe akalazwa katika ule ukumbi ambamo mungu huwajia wagonjwa ndotoni. Mungu akaja kweli. Akapita mbele ya goti bila hata kulisalimu, akazunguka nyuma.

Damofilos alipoamka alikuwa amepona. Akaketi juu ya jiwe, jiwe tupu lisilo na mto, akalia machozi ya furaha.

Yakabaki mambo ya shukrani. Desturi ya pale ni kwamba aliyepona hutundika ukutani mfano wa udongo wa kiungo kilichopona, wenye jina lake, na jina hilo husomwa kwa sauti mbele ya watu siku ya sadaka. Ukutani kulikuwa na macho, masikio, matiti, nyayo. Na ilijulikana kwamba anayemdanganya mungu hurudishiwa ugonjwa wake ukiwa salama.

Damofilos akaagiza goti.

"Goti tena?" alisema mama mfinyanzi, udongo umemfika viwikoni. "Nyie wa Argos mnatembelea magoti?"

"Ni maji ya kwetu."

"Mh. Haya."

Goti likatundikwa, likasomwa, hakimu akarudi nyumbani. Akasherehekea kupona kwake kwa jibini. Akaketi kwenye kiti cha hukumu asubuhi hadi jioni, hata siku zisizo na kesi, ili watu waone. Msimu wa zabibu haujaisha, alikuwa amesimama tena.

"Ni mungu," alimwambia mkewe, ameegemea ukuta. "Amekasirika."

"Ni jibini, Baba Kleandro."

"Ni mungu!"

"Basi ni wote wawili. Rudi ukaseme kweli. Mficha uchi hazai."

"Mimi mwanamume. Kuzaa si kazi yangu."

"Na kukaa je?" alisema Filinna. "Hiyo ni kazi ya nani?"

Akarudi Epidauro. Safari hii alimwambia tabibu ukweli wote. Eukratos akamwandikia uji uleule, mlima uleule, maji yaleyale. Damofilos akapona vilevile. Akaenda kwa mfinyanzi, akazungukazunguka maneno, mwisho akaonyesha kwa kidole.

Mama hakucheka. "Geuka nione ukubwa."

Hakimu wa Argos akageuka.

Kazi ilitoka safi, pengine kupita kiasi. Ila siku ya sadaka iliangukia sikukuu, na wajumbe kutoka Argos walikuwa wamekuja, wakiongozwa na Perilaos. Damofilos alipowaona wanashuka kwenye punda, alimkimbilia tabibu.

"Jina tuliache. Mungu anajua."

"Atajuaje, mzee wangu? Bila jina, hivi vitu vyote vinafanana."

Damofilos akamfikiria Kleandro, mwanawe, na wajukuu ambao hawajazaliwa, na jina watakaloitwa sokoni. Kisha akafikiria maisha yake yaliyobaki, yote ya kusimama. Akachukua kijiti, akachora jina lake mwenyewe, herufi kubwa, kwenye tako la kushoto.

Eukratos akalinyanyua juu watu wote walione. "Damofilos wa Argos, hakimu," akatangaza. "Alikuwa hawezi kuketi. Sasa anaketi. Anamshukuru mungu kwa makalio haya."

Uwanja mzima ukainua shingo. Hata ng'ombe wa sadaka aliinua yake. Damofilos akamtazama Perilaos, na Perilaos akautazama udongo ule, akautazama tena, akafungua kinywa. Hakimu akangoja jina lake kama mshitakiwa.

Perilaos akamsogelea karibu kabisa, akashusha sauti.

"Ilichukua muda gani," akauliza, "mpaka ukaanza kuona nafuu?"

Kabla Damofilos hajajibu, sauti ya mtu mzima ikatoka katikati ya wajumbe:

"Paza sauti, mheshimiwa! Huku nyuma hatusikii!"