Mafundi Wanne wa Viatu

Zilibaki dakika kumi kundi la wanachuo liwasilishe utafiti wake darasani, na Katibu alikuwa akiunganisha karatasi za wenzake. Kila mmoja alitakiwa amtafute fundi viatu wake amhoji. Fundi wa kwanza ana binti mmoja na mgongo unamsumbua. Wa pili, vilevile. Wa tatu naye, vilevile, na chini ya kila karatasi kuna alama ya dole gumba ya rangi nyeusi ya viatu.

Damu ilimchemka. "Mji wote huu, nyote mmeishia kwa mzee wa pale getini kwa chuo? Uvivu gani huu, jamani?"

Wenzake waliinamisha vichwa. Mmoja akauliza kwa upole, "Na karatasi yako iko wapi, dada?"

Tangu alipoiona ile ya pili, Katibu alikuwa ameikalia yake.