Mstari wa Msafishaji

Mgeni wa sita aliingia na chungu cha maua ya zambarau kifuani, na mezani kila uma ukasimama.

Ilikuwa Jumapili ya Matawi, siku ya jina, yaani sikukuu ya wote wanaoitwa majina ya maua, na Tsvetana alikuwa mmoja wao. Siku hiyo haalikwi mtu na hafukuzwi mtu. Radostina, mgeni huyo wa sita, aliijua desturi hiyo vizuri, ndiyo maana hakuja siku nyingine.

"Heri ya jina lako, dada Tsveta."

"Karibu," alisema Tsvetana. Asingeweza kusema neno jingine.

Jirani yake, mzee Gencho, akasogeza benchi. "Mpeni kiti upesi, jamani, asije akaondoka na cha kwetu."

Watu walicheka wakitazama sahani zao. Radostina naye alicheka kidogo, akakaa, mkoba wake akaupakata kama mtoto mgonjwa.

Miaka minne Tsvetana alikaa na watoto wa mtaa wa kiwanda cha soksi kila siku baada ya shule. Aliwafundisha ngoma za duara katika jumba la kusomea la mtaa, akawasaidia hesabu mpaka mama zao watoke zamu. Hakulipwa. Siku kuni zilipokwisha, watoto walicheza wamevaa makoti. Ndipo, mwaka uliopita, alipoandika ombi la ruzuku, kwa mkono, kurasa kumi na moja, akampelekea Radostina aliyejua fomu na lugha ya maofisa. "Niachie mimi, dada, nitalinyoosha." Kweli alilinyoosha. Ombi likaenda kwa jina la chama chake Radostina, likashinda, na watoto wakahamia ukumbi wa shule wenye joto. Tsvetana akabaki na funguo na viti vitupu.

Sasa theluji ilikuwa imeporomosha paa la ukumbi wa shule, na mtaani ukumbi uliobaki ulikuwa wa jumba la kusomea tu. Ruzuku ya mwaka huu ilitaka barua ya mwenye ukumbi, yenye saini na muhuri wa mviringo, na maombi yangefungwa kesho yake saa sita mchana. Mwenyekiti wa jumba la kusomea alikuwa Tsvetana. Alijua hayo yote tangu Jumatano, na tangu Jumatano alikuwa akilala usingizi mtamu.

Akamlisha. Alimpa kipande cha samaki chenye miiba mingi kuliko vyote, akamtazama akiitoa mmoja mmoja mdomoni. Kila mkono wa Radostina ulipoelekea kwenye zipu ya mkoba, Tsvetana alileta kingine: pilipili hoho zilizojazwa maharagwe, mkate, kachumbari, samaki tena.

"Nimeshiba, dada."

"Kwangu hujashiba bado."

Gencho alikuwa wa mwisho kuondoka. Mlangoni alinong'ona kwa sauti iliyosikika hadi jikoni, "Usimwue, Tsveta. Damu haitoki kwenye kitambaa cheupe."

Walipobaki wawili, Radostina alitoa karatasi za ombi, barua ikiwa juu. "Ni saini tu, na muhuri. Ukikataa, hawatakuwa na pa kwenda mwaka mzima."

"Hawatakuwa na pa kwenda akina nani? Unawajua hata majina?"

Alitaraji kimya. Lakini Radostina alianza kuwataja, macho yakiwa kwenye makombo. Kaloyan, anayeficha mkate mfukoni kwa ajili ya dada yake. Mirela, asiyeingia mpaka aambiwe mara mbili. Pacha wa familia ya Dobreva, ambao sasa hukubali kukaa meza tofauti. Alitaja kumi na wanane. Mmoja Tsvetana hakumjua kabisa.

Hilo lilimchoma kuliko ombi lenyewe. Mwaka mzima alikuwa amejiliwaza kwamba watoto wanaonewa kule, wanamlilia yeye. Kumbe walikuwa wamezoea.

Akavaa miwani, akasoma ukurasa kwa ukurasa, bila haraka. Sentensi zake mwenyewe za mwaka uliopita zilikuwa mle, zimenyooshwa. Ukurasa wa tisa ulikuwa na orodha ya wafanyakazi. Kiongozi wa shughuli: Radostina Peneva. Msafishaji wa ukumbi: Tsvetana Mileva.

"Hii nini?"

Radostina akawa mwekundu hadi shingoni. "Nilifikiri... una funguo, upo karibu. Na ina mshahara, dada. Nilitaka na wewe upate kitu."

Tsvetana alicheka, na kicheko kile kilimshangaza yeye mwenyewe kwa jinsi kilivyokuwa kitamu. Alikuwa amejiandaa kukataa. Sasa aliona kukataa ni kumsamehe, kumwacha aende zake bila kulipa.

"Inuka. Twende ukaandike upya."

Walivuka uwanja hadi jumba la kusomea. Tsvetana aliwasha kompyuta, akasimama nyuma ya kiti. "Palipo na jina lako, weka langu. Palipo na langu, weka lako."

"Dada Tsveta, mimi nimesoma chuo."

"Basi utaandika bila makosa."

Vidole vya Radostina vilikaa juu ya vitufe muda mrefu. Kisha viliandika. Printa ilikohoa, ikatoa ukurasa wa tisa ukiwa na joto, na Tsvetana akatia saini kwenye barua, akagonga muhuri kwa nguvu hadi kikombe cha kalamu kikaanguka.

Mwezi wa sita wakapata jibu zuri. Mwezi wa tisa, siku ya kwanza ya watoto, Tsvetana alifika mapema kwenye jumba la kusomea. Usiku wake haukuwa na usingizi kwa furaha. Alidhani Radostina hatakuja, kwamba atatuma mtu au kutoa udhuru, na maneno ya kumtangaza mtaani alikuwa nayo tayari.

Radostina alikuwa ameshafika. Alikuwa amepiga magoti kwenye ushoroba, nywele zimefungwa kitambaa, ndoo pembeni, akikwangua ubani wa kutafuna uliogandamana sakafuni.

Watoto wakaingia kwa kelele. "Shangazi Radostina!" Halafu wakaona maji sakafuni. Mmoja akavua viatu, na wengine wakamwiga bila kuambiwa, wakampita kwa ncha za vidole, viatu mkononi, kimya kama watu wanaompita mgonjwa. Wakajipanga ukumbini, wakashikana mikono. Hakuna aliyemtazama Tsvetana. Nyuso zote zilielekea mlangoni.

Tsvetana alirudi ushorobani. Alitaka kusema jambo. Hakujua ni jambo gani.

"Pale," alisema, akinyoosha kidole kwenye kona. "Pale bado."

Kona ilikuwa safi. Wote wawili waliiona. Radostina alimtazama mara moja, akakamua kitambaa, akasogea kwa magoti, akaanza kuifuta.