Mstari wa Mzee Ndoo

Marehemu mke wangu aliandika programu inayoigiza chipu ya kompyuta. Mimi nafagia jengo alimofanyia kazi na shule niliiachia darasa la nne, kwa hiyo nasimulia kama alivyonieleza akimenya viazi: "Kuna chipu za kuharakisha hesabu nzito. Kutengeneza moja ni gharama ya kufa mtu. Basi tunaiigiza kwanza ndani ya kompyuta ya kawaida, tuone itakimbia au itachechemea." Programu hiyo akaiacha huria, mtafiti yeyote duniani aichukue bure na kuirekebisha.

Kuigiza huko kunakwenda kwa mwendo wa kinyonga. Sekunde moja ya chipu hula kutwa nzima. Nikimaliza kupiga deki nilikuwa namsubiri mlangoni, nimekalia ndoo, yeye kavua viatu chini ya meza.

"Bado?"

"Bado, Mzee Ndoo. Utaniua na bado zako."

Mwishowe akaiwekea programu mstari wa maneno, utokee kwenye skrini kazi ikiisha: MZEE NDOO, NIMEMALIZA. TWENDE NYUMBANI. Herufi kubwa, kwa ajili ya macho yangu.

Kisha uvimbe ukamwanza tumboni. Akaomba ruhusa akatibiwe. Mkurugenzi akamwambia amalize kwanza ripoti ya wafadhili. Akaimaliza. Ripoti ikapigiwa makofi, mimi nikazika. Mpaka leo yule bwana akinisalimia, naangalia ndoo.

Miaka miwili sasa, kila Jumamosi asubuhi, binti mtafiti aliyerithi meza yake huniwashia jaribio dogo. Nasubiri. Mstari ukitokea, naokota ndoo, naenda zangu.

Mwezi jana Mkurugenzi akaamuru ufutwe.

"Wageni wanakuja. Programu ya kitaalamu inamwita mfagiaji?"

"Mheshimiwa, ni maneno ya marehemu."

"Mzee, wewe futa sakafu, mimi niachie yangu."

Jumamosi ile skrini iliandika neno moja tu: MWISHO. Nikakaa pale pale juu ya ndoo. Sikujua nani aniambie niondoke.

Wiki haijaisha, binti akanikuta kwenye ngazi, mbavu hana kwa kucheka.

"Shikamoo baba! Huko kumeharibika!"

"Marahaba. Wapi?"

"Kila mahali!" Vyuo vya mbali vilichukua toleo jipya, na majaribio yao yote yakakwama. Kumbe walizielekeza mashine zao zisubiri mstari ule ule ndipo zijue kazi imeisha. Kiswahili hawajui, walidhani Mzee Ndoo ni kifaa ndani ya chipu. "Wanalalamika kwa mamia, baba. Wanataka Mzee Ndoo wao!"

Bwana mkubwa akaamuru urudishwe siku hiyo hiyo, wageni wakiwa ukumbini. Radhi hakuniomba. Nani aombe radhi kwa ndoo?

Jumamosi iliyofuata nikakaa mahali pangu. Binti akaniwashia.

"Hivi sasa huko duniani yanaendeshwa majaribio mengi," akasema. "Kila moja likiisha, mama anakuita."

Alitaka kunifurahisha, mtoto wa watu. Mimi nikaziona skrini hizo zote kwa watu nisiowajua, mke wangu anamaliza, anamaliza tena, na hakuna wa kumpeleka nyumbani.

Mstari ukatokea.

"Nimekuja," nikaiambia skrini, nikaokota ndoo. Ila sikuondoka mara moja. Nilimpa muda atafute viatu chini ya meza.